Kaizari Asomwe kwa Kiswahili

Ndugu wanachama, wako watu katika nchi yetu ambao wakisikia kwamba mwanafunzi wa sekondari anasoma mchezo wa Shakespeare hufurahi mno. Hawaulizi ameelewa nini. Wanauliza jambo moja tu: anausoma kwa Kiingereza? Akisema ndiyo, wanaridhika, mtoto ameelimika. Akisema ameusoma kwa Kiswahili, nyuso zinakunjamana, na hapo utasikia ati huyo hakumsoma Shakespeare, amesoma kivuli chake.

Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na mara nyingine yametoka katika vinywa vya watu wenye kadi ya chama mfukoni. Leo twataka kuyajibu, na tutayajibu kwa mchezo mmoja tu, ule wa Julius Caesar, kwa kuwa huo una jambo zito la kumwambia raia wa nchi huru, na kwa kuwa jambo hilo linafichwa kila siku mbele ya macho ya watoto wetu.

Kwanza tuseme jinsi unavyosomwa darasani, maana wako wazee waliosahau na wako wakubwa wasiotaka kukumbuka. Mwalimu anaingia na kitabu chake, wanafunzi watatu wanne wanaegemeana juu ya kitabu kimoja. Anasoma ukurasa. Kiingereza chenyewe ni cha mwaka 1599, ambacho Mwingereza wa leo hakisemi sokoni wala ofisini, na watoto wa Kiingereza nao hupewa vitabu vyenye maelezo ya maneno pembeni ya ukurasa. Mtoto wetu, ambaye kwake hiyo ni lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, anatakiwa aifahamu kwa kuisikia. Hafahamu. Mwalimu anajua kwamba hafahamu, na kwa huruma yake anashuka kwenye Kiswahili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuza magendo: jamani, hapa Brutus anaogopa kwamba Kaizari atajifanya mfalme. Darasa zima linaamka! Mikono inainuka, mmoja anauliza kwa nini Brutus asimwambie rafiki yake waziwazi, mwingine anajibu kwamba wakubwa hawaambiwi. Kisha mwalimu anakumbuka sheria, anarudi kwenye Kiingereza, na darasa linarudi usingizini.

Tumekaa katika madarasa ya namna hiyo. Mwisho wa wiki linaandikwa jambo ubaoni: sifa za Brutus, tano, sifa za Cassius, nne, sababu za kuanguka kwa Kaizari, sita. Hizo ndizo zinazokaririwa, na hizo ndizo zinazotapikwa siku ya mtihani. Mtoto anapata alama zake, anafunga kitabu, na hatakifungua tena mpaka kufa kwake. Hiyo ndiyo inaitwa kumsoma Shakespeare, na anayesoma kwa Kiswahili ndiye anaambiwa amesoma kivuli!

Sasa tazameni kilichomo ndani ya kitabu hicho ambacho mtoto amepita juu yake kama mtu anayevuka daraja usiku.

Mchezo hauanzi na wakubwa. Unaanza barabarani, na mafundi wa Roma, seremala na fundi viatu, walioacha kazi zao wakavaa nguo za sikukuu wamshangilie Kaizari anayerudi na ushindi. Wanatokea watetezi wawili wa raia wanawakaripia: jana mlimpanda juu ya kuta na paa kumshangilia Pompey, leo mnamtupia maua yule aliyewashinda wana wa Pompey? Fundi viatu anawajibu kwa mizaha, na mizaha hiyo yote ni ya kucheza na maneno ya Kiingereza. Darasani hakuna anayecheka. Mwalimu anaeleza kwamba hapa pana kichekesho. Ndugu zetu, kichekesho kinachohitaji kuelezwa ni maiti ya kichekesho. Baadaye kidogo tunasikia, kwa maneno machache yanayopita upesi, kwamba wale watetezi wawili wamenyamazishwa kwa kosa la kuvua mapambo yaliyowekwa juu ya sanamu za Kaizari. Ni mtoto gani wa Afrika ambaye hangeliuliza swali hapo, kama angeliambiwa jambo hilo kwa lugha anayoiota usiku?

Kisha wanakutana wale wenye njama. Wanakutana usiku, nyumbani kwa Brutus, nyuso wamezifunika. Brutus ni mtu mwema, hilo Shakespeare analikubali mpaka mwisho wa mchezo. Lakini huyu mtu mwema anapanga kuiokoa jamhuri bila kumwuliza hata raia mmoja wa jamhuri. Fundi viatu hakuitwa. Seremala hakuitwa. Ni wakubwa watupu, wanaosema wanawapenda wananchi, wanaoamua gizani mambo ya wananchi, na asubuhi wanatoka na visu vyenye damu wakitangaza uhuru. Ndipo Brutus anapokwenda kwa umma kueleza, wakati maiti imekwisha lala chini.

Tufike kwenye maziko, maana hapo ndipo penye utamu wote. Brutus anahutubia kwanza, kwa maneno ya kawaida yasiyo na mizani ya ushairi, anatoa hoja, anashangiliwa. Watu wamemwelewa vibaya kiasi kwamba mmoja wao anataka yeye ndiye awe Kaizari mpya! Cassius alikuwa amemwonya asimpe Antony nafasi ya kusema. Brutus hakusikia, alimpa nafasi, na tena akaondoka uwanjani kwenda zake. Antony anapanda. Anaanza kwa kuwasifu wauaji, anawaita watu wenye heshima. Anarudia neno hilo, na kila akirudia linageuka, mpaka limekuwa tusi.

Na neno hilo kwa Kiswahili ni lipi? Waheshimiwa! Hebu msomaji mwambie kijana wa kidato cha tatu kwamba pana mtu jukwaani, mbele ya maiti, anasema waheshimiwa, waheshimiwa, waheshimiwa, mpaka umma umekasirika na kuokota mawe. Atakuelewa kabla hujamaliza. Neno hilo analisikia redioni kila Bunge linapokutana. Anajua linavyoweza kusemwa kwa heshima, na anajua linavyosemwa kwenye kituo cha daladala. Mambo hayo yote mawili yamo kichwani mwake tayari, hana haja ya maelezo ubaoni. Lakini tunampa neno la Kiingereza ambalo hajawahi kumwita nalo mtu yeyote, kisha tunamwandikia kwamba hapa Antony ametumia kejeli, nukta ya tatu.

Baada ya hapo Antony anatoa karatasi, anasema ni wasia wa Kaizari, na hataki kuusoma. Watu wanamlazimisha. Anausoma: kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75, na bustani za Kaizari kando ya mto ni mali ya umma milele. Mji unawaka moto. Njiani wanamkuta mshairi mmoja jina lake Cinna, na miongoni mwa wauaji yumo mtu aitwaye Cinna. Mshairi analia kwamba yeye siye. Wanamrarua vivyo hivyo, ati kwa mashairi yake mabaya. Sisi tunaoandika magazeti twaombwa tuisome sehemu hiyo mara mbili.

Lakini iliyo kubwa zaidi ndiyo ile ambayo walimu wengi huiruka kwa kuwa ni fupi. Mara tu baada ya mshairi kuuawa tunawakuta Antony, Octavius na Lepidus wamekaa mezani wanatia alama kwenye majina ya watu watakaouawa. Lepidus anakubali ndugu yake afe, Antony anakubali mpwa wake afe, kama watu wanaobadilishana mbuzi. Kisha Antony anamtuma Lepidus akaulete ule wasia wa Kaizari, ili waone jinsi ya kupunguza yale waliyoachiwa raia. Ndiyo, wasia ule ule! Zile drakma 75 zilizouchoma mji! Machozi ya uwanjani hayajakauka na tayari ahadi inatafutiwa mkasi.

Twauliza: raia anayejifunza kupiga kura anahitaji somo gani kuliko hilo? Na twauliza tena: ni nani anayefaidika mtoto asipolielewa?

Hatusemi kwamba yuko mtu aliyekaa akapanga hivyo. Katika siku za ukoloni ilikuwa wazi zaidi, maana karatasi za mtihani wa Cambridge zilitungwa Uingereza na kusahihishwa Uingereza, na michezo ya Shakespeare ilikuwamo ili kumpima Mwafrika amefika umbali gani katika kumwiga Mwingereza. Mkoloni hakuwa na haja ya kumfundisha mtawaliwa habari za watawala kuuawa. Alifundisha sarufi iliyomo ndani ya habari hiyo. Lakini Cambridge imekwisha ondoka. Sheria ya kuunda Baraza letu wenyewe la Mitihani ni ya mwaka 1973. Basi yale yanayoendelea hayana tena Mwingereza wa kulaumiwa, na hilo ndilo linalotuuma.

Tena linauma zaidi kwa sababu kazi ilikwisha fanywa. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitoa kitabu hicho kwa Kiswahili, akakisahihisha na kukitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 alitoa pia Mabepari wa Venisi, na jina hilo peke yake laonyesha kwamba mfasiri alikuwa akisoma kwa macho yake mwenyewe, maana wafanyabiashara wa Shakespeare aliwaita mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. S. S. Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968. Vitabu hivi havikusubiri ruhusa ya profesa yeyote.

Fikirini mwaka 1963 ulikuwa mwaka gani. Ulianza kwa Rais Sylvanus Olympio wa Togo kupigwa risasi na askari tarehe 13 Januari. Miaka miwili kabla yake, Januari 1961, Lumumba alikuwa ameuawa Katanga. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika wenyewe waliasi Dar es Salaam. Katikati ya mambo hayo, kiongozi wa nchi changa, ambaye jina lake la ubatizo ni Julius, anawapa wananchi wake kitabu cha mtawala Julius anayechomwa visu na rafiki zake! Mtawala mwoga angelikifungia kitabu kama hicho. Huyu alikifasiri, akakichapisha, akasema kisomwe. Na baada yake yakaja mengine: Nkrumah aliangushwa Februari 1966, Mzee Karume aliuawa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Mwenye kusoma mchezo ule kwa kuuelewa atajiuliza baada ya kila kisu nini kilifuata. Kwa Brutus kilichofuata hakikuwa jamhuri. Alifuata Octavius, ambaye mwaka 27 kabla ya Kristo alipewa jina la Augusto akawa mwenye amri peke yake. Waliua mtu mmoja aliyetaka taji, wakazaa ukoo mzima wa makaizari.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu, maana hatupendi kupigana na mtu aliyefungwa mdomo.

Wa kwanza wanasema tafsiri hupoteza ladha. Tunakubali kwamba hupoteza kitu. Lakini hawa mabwana wamejiuliza Shakespeare mwenyewe alimpata wapi Kaizari? Habari zile ziliandikwa na Plutarch kwa Kiyunani. Jacques Amyot akazifasiri kwa Kifaransa. Thomas North akachukua Kifaransa cha Amyot akakitia katika Kiingereza mwaka 1579, na hicho cha North ndicho Shakespeare alichokuwa nacho mezani. Kwa hiyo Kaizari alipofika London alikuwa amekwisha pita katika mikono ya wafasiri wawili. Akifika Dar es Salaam kwa mkono mwingine, dhambi iko wapi? Tena shule za Uingereza za siku zile zilifundisha Kilatini, na msomi mwenye haya hakuona fahari kuandika mambo makubwa kwa lugha ya wauza samaki wa London. Shakespeare aliandika kwa lugha hiyo ya wauza samaki. Wanaomwabudu leo wangelikuwako siku zile wangelimcheka.

Wa pili wanasema mtoto atakosa Kiingereza. Hawa wana hoja, na tusiwabeze, kwa sababu mzazi anayetoa ada anataka mwanawe apate kazi. Lakini tuwaulize kwa upole: ni nani aliyepata kuandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza cha mwaka 1599? Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa, na walimu waliofunzwa, kwa barua, kwa habari, kwa mazungumzo, kwa vitabu vya leo. Hata na hicho cha Shakespeare kisomwe, ukurasa kwa ukurasa kando ya Kiswahili, na mtoto anayekwisha jua Antony anafanya nini atakifuata Kiingereza chake kwa hamu. Hiyo ni njia ya kumfikisha kwenye Kiingereza. Njia ya sasa inamfikisha kwenye kukariri.

Wa tatu wanatoka upande wetu, nao wanasema tumtupe Shakespeare baharini pamoja na bendera ya Mwingereza. Tunaujua uchungu wao. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ifutwe, na Afrika iwe katikati ya masomo ya Waafrika. Tuko pamoja nao juu ya hilo la katikati. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, mchezo wa mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji, akae mbele, na mwanafunzi ayalinganishe maneno ya Kinjeketile na maneno ya Antony, aone jinsi neno linavyomtoka mtu mmoja likawashika maelfu. Lakini kumtupa Kaizari ni kuwatupa pia watu wetu waliomtumia. Sol Plaatje, katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, alimfasiri Kaizari kwa Setswana, na kitabu kikatoka mwaka 1937, miaka mitano baada ya kufa kwake. Katika kisiwa cha Robben, mfungwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na kitabu cha Shakespeare alichokificha kwa kukifunika na picha za kadi za Diwali. Wenzake walikizungusha, kila mmoja akatia sahihi penye maneno aliyoyapenda. Nelson Mandela alitia sahihi yake tarehe 16 Desemba 1977 katika mchezo huu huu, mahali Kaizari anapokataa kuogopa kifo. Wale hawakuwa wakijiandaa kwa mtihani.

Limebaki moja, na ni la nyumbani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1985 ulifika, ukapita. Na tuseme kweli hata kama ni chungu: serikali iliyoliacha pendekezo lile lipite ilikuwa ya yule yule aliyemfasiri Kaizari. Kwa mkono mmoja alikuwa amempa mtoto kitabu, na kwa mkono wa pili mlango wa darasa ukabaki umefungwa. Waliokuja baada yake hawakuufungua. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, siku ile ile TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na kila mwaka twaimba na kucheza ngoma siku hiyo. Kesho yake asubuhi mwanafunzi wa sekondari anarudi kusoma masomo yake mengi kwa Kiingereza.

Twataka mambo mawili tu kwa sasa, na yote mawili hayangojei sheria mpya. Kila shule ya sekondari yenye mchezo wowote wa Shakespeare uliofasiriwa iuweke mikononi mwa wanafunzi pamoja na ule wa Kiingereza. Na mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili aeleze kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi, bila kuogopa mkaguzi.

Kwa matawi: kila tawi limtume mjumbe mmoja, kabla ya mwisho wa mwezi ujao, aende katika shule ya sekondari ya kata yake kwa adabu, aombe kuonyeshwa maktaba, na aulize maswali matatu. Nakala za Juliasi Kaizari ni ngapi? Mara ya mwisho iliazimwa mwaka gani? Ufunguo wa kabati anao nani? Majibu apewe katibu wa tawi, naye ayalete kwa mhariri. Tutayachapa kata kwa kata kama yatakavyokuja.